Mtungi wa Swila

Wapokezi wa hadithi wanasimulia kwamba pale Mto Kizinga unapomwaga maji yake katika mkono wa bahari, mikoko ikiwa imesimama ndani ya tope na Kigamboni ikionekana ng'ambo, palikuwa na mji wa wanyama ulioitwa Kurasini. Wenyeji wake waliishi kwa rehema ya meli: ngedere walikuwa makuli bandarini, kaa wakishona nyavu, shakwe wakifuatana na mabaharia na kurudi na habari za nchi za mbali, na Kobe, kwa kuwa aliwatangulia wote kuliona jua, akawa mjumbe wa nyumba kumi. Kila mwenye kibanda alimjua mwenye kibanda cha pili, na mtoto aliyekosa uji kwao aliupata kwa jirani bila kuulizwa. Lakini bandari ilikuwa na njaa ya ardhi. Mwaka huu ilimeza mtaa mmoja ikaweka ghala, mwaka ule ikameza mwingine ikaweka matangi ya mafuta na uwanja wa makontena. Waliolipwa fidia wakahama, na waliosalia wakajikuta kati ya kuta ndefu na majirani wasiowajua kwa majina. Palipoondoka majirani, hofu ikapata nafasi ya kutandika mkeka.

Katika mji huo alikaa Ngedere mmoja, mnyapara wa makuli, mwenye mke na watoto wawili, wa kwanza binti aitwaye Chausiku na wa pili mvulana ambaye meno yake ya utotoni yalikuwa bado hayajaota yote. Alikuwa mume mwema na baba mwema, na ni vizuri msikilizaji alishike hilo mapema, maana hekaya hii haina mwovu ndani ya nyumba. Alichokitaka ni kile anachokitaka kila mzazi alalaye na sikio moja wazi: kwamba asubuhi akiwahesabu watoto wake, hesabu itimie.

Ikatokea usiku wa tarehe 2 Januari 2015 Panya wakashika barabara. Panya hao hawakutoka nchi ya mbali. Walikuwa vijana na watoto wa mitaa ileile, waliokulia katika vibanda visivyo na kazi wala ada ya shule, wakajikusanya makundi makundi na kukamata mapanga. Waliofikiwa na Panya upande wa Kinondoni walikuwa wachache, ila waliofikiwa na habari zao walikuwa mji mzima, toka Sinza mpaka Temeke, na usiku ule waliofunga maduka mapema na waliowavuta watoto ndani hawakujua wanamkimbia nani wala anatokea wapi. Kulipopambazuka, Kurasini haikuwa imepoteza hata kuku. Hata hivyo Ngedere aliutazama mlango wake wa mbao akauona mwembamba, akalitazama dirisha akaliona pana, akaitazama mikono yake iliyozoea kubeba magunia akaiona haitoshi.

Hapo ndipo alipotokea Kinyonga mchuuzi, ambaye mbele ya mwenye hofu huvaa rangi ya hofu na mbele ya mwenye kiburi huvaa rangi ya kiburi. Akafunua kitambaa na kumwonyesha mtungi wa udongo wenye kifuniko, akasema: "Baba Chausiku, mwizi hakuogopi wewe, anaogopa ulicho nacho. Ukimpigia Kobe yowe, atafika wakati wa kushona sanda. Humu ndani yumo Swila. Hutema kutoka mbali, hutema gizani, wala hataki nguvu za mkono. Ukishammezesha yai lake, kinachobaki ni kuinua kifuniko. Hata mama watoto ataweza." Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na kwa kuwa yalikuwa kweli, Ngedere hakuyatilia shaka; ambacho hakukiona ni upande wa pili wa kweli hiyohiyo, kwamba kisichotaka nguvu za mkono wa baba hakitaki pia nguvu za mkono wa mtoto. Akalipa mishahara ya miezi kadhaa na kurudi nyumbani na mtungi, na usiku ule kwa mara ya kwanza tangu Panya washike barabara alilala akakoroma.

Simba na baraza lake hawakuwa wamelala katika jambo hili. Mwaka huohuo wa 2015 walitunga sheria mpya ya mitungi, wakaiondoa ile ya mwaka 1991, na mwaka uliofuata wenye mitungi wote wakaitwa kuipeleka ikahakikiwe mmoja baada ya mwingine, wakubwa kwa wadogo. Ngedere alikwenda, akapanga foleni, akaandikwa jina lake na alama ya mtungi wake, akarudi na kibali chake mkononi. Tena alifanya zaidi ya hayo: alinunua kasha la chuma lenye kufuli, akamtia Swila ndani, mayai akayaweka peke yake juu kabisa ya kabati la jikoni, na ufunguo akautundika shingoni. Lau hekaya ingekomea hapa, nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini hofu ni mwalimu asiyemaliza somo. Usiku mmoja upepo wa kusi uligonga bati la jirani, na Ngedere akaamka. Akapapasa ufunguo, akatafuta tundu la kufuli gizani, akakimbia jikoni, akaburuta kigoda, akashusha yai, akarudi. Na alipomaliza yote hayo jasho lilikuwa limemlowesha na bati lilikuwa limekwisha nyamaza. Akakaa kitandani akawaza: kama huyu angekuwa mwizi, angekuwa amekwisha kunichinja na kuondoka. Mawazo hayo hayakuwa ya kipumbavu. Asubuhi akayahamisha mayai kutoka jikoni akayaweka juu ya kasha. Mwezi ukapita, mbwa akabweka usiku wa manane, na baada ya hapo kufuli likawa linaegeshwa tu bila kubanwa. Mwaka ukapita, kontena likavunjwa uwanjani, na mtungi ukatolewa ndani ya kasha ukawekwa chini ya kitanda, upande wa mkono wa kulia. Kisha mwezi Septemba mwaka 2022, Panya wakarejea kwa ukali huko Kawe, wakaingia majumbani na damu ikamwagika. Habari hiyo ilipofika Kurasini, Ngedere alimmezesha Swila yai lake kabisa, akalegeza kifuniko, akasema moyoni kwamba sasa yu tayari.

Na kweli alikuwa tayari. Kila hatua aliipiga kwa sababu yenye mashiko, na hakuna hata moja ambayo jirani mwenye busara angemcheka kwayo. Ila hatua zote zilikuwa zikielekea upande mmoja. Alikuwa akiupunguza muda uliopo kati ya mkono na sumu ili mwizi asimtangulie, na muda alioupunguza kwa ajili yake aliupunguza kwa kila mwenye mkono katika nyumba ile. Mwizi alikuwa anakuja usiku mmoja katika miaka, au haji kabisa. Watoto walikuwa wakipita kando ya kitanda kile kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, wakitafuta ndala.

Mkewe alilihisi hilo. "Baba Chausiku," alimwambia siku moja wakichambua mchele, "kile kitu kimekaa chini mno." Akamjibu, "Watoto hawajui kama kipo." Bi Ngedere akanyamaza, maana aliolewa katika nyumba ambamo neno la mume halirudishwi mara mbili, na ukimya huo ameulilia hata leo. Yeye alijua kwamba watoto wanajua. Watoto wa nyumba ile walijua sukari ilipofichwa wakati wa Ramadhani, walijua pembe ipi ya kanga ya mama yao imefungwa fedha ya vikoba, walijua baba amerudi na hasira kwa jinsi anavyovua viatu. Vipi wasijue kilicho chini ya kitanda? Chausiku alikwisha kumwonya mdogo wake asikiguse, akamweleza kwa utaratibu jinsi kinavyofunguliwa ili aelewe vizuri asichotakiwa kukifanya. Na nje, chini ya mwembe, watoto wa mtaa walikuwa na mchezo wao: mmoja Panya, mmoja Swila, na anayeguswa huanguka akafumba macho mpaka ahesabiwe kumi, kisha huinuka.

Palikuwa na onyo jingine. Kima, aliyekaa karibu na reli, naye alinunua mtungi kwa Kinyonga na akajisifu nao kila kijiweni, akitumaini sifa hizo zingewatisha wezi. Sifa zikawafikia wezi. Siku Kima alipokwenda mazikoni, Panya waliingia mchana kweupe. Runinga hawakuigusa wala magodoro hawakuyagusa, wakachukua mtungi wakaondoka. Toka siku hiyo Panya waliokuwa na mapanga wakawa na mapanga na Swila, na wenye nyumba waliposikia hivyo, kila mmoja alitamani mtungi mkubwa zaidi. Kinyonga alifanya biashara njema mwaka ule.

Ikafika Sabasaba. Shule zilikuwa zimefungwa, na Barabara ya Kilwa ilijaa wanyama waendao viwanja vya maonyesho. Ngedere alitangulia kazini kwa zamu ya asubuhi, akiahidi kurudi kuwachukua watoto saa nane. Bi Ngedere alikuwa uani akifua. Mtoto wa Kanga, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja kuazima mpira. Mvulana wa Ngedere akauingia uvungu kuutafuta, na alipotoka alikuwa na mpira mkono mmoja na mtungi mkono wa pili. Hakuwa na chuki, hakuwa na ugomvi, hakuwa hata na utundu uliozidi wa rika lake. Alitaka rafiki yake aone. Kifuniko kilikuwa kimelegezwa tayari, na baba yake ndiye aliyekilegeza, usiku, kwa mapenzi.

Swila hakuuliza huyu ni nani. Kazi ya kuuliza haimo katika maumbile yake, wala Kinyonga hakupata kudai kwamba imo. Mtoto wa Kanga alianguka kama walivyozoea kuangukia chini ya mwembe, na mvulana wa Ngedere akamhesabia, moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Akarudia tena toka moja. Mama yake alipoingia na mapovu ya sabuni mikononi alimkuta bado anahesabu. Kanga alimzika mwanawe kabla ya jua kutua, na mvulana wa Ngedere, ambaye mwili wake haukuwa na jeraha, hakusema neno mpaka mwaka ulipogeuka.

Kobe aliitisha baraza chini ya mbuyu, na wote walikuja, hata waliokuwa hawajawahi kuonana. Akasimama Nguruwe akasema kosa ni la watoto wa siku hizi, hawasikii. Akasimama Mbuzi akasema watoto wafundishwe, kwani mtoto aliyefundishwa hagusi. Akasimama Kinyonga, siku hiyo akiwa na rangi ya majonzi, akasema tatizo ni mtungi wa zamani. Iko mitungi mipya yenye kifuniko kigumu, na kama Kanga naye angekuwa na wa kwake, labda mambo yangekuwa mengine. Wapo waliotikisa vichwa kukubali. Hofu ikishazoea dawa moja, hata ikizika kwa ajili ya dawa hiyo huomba iongezewe.

Ndipo Shakwe alipoomba kusema. "Mimi nimekwenda na meli hadi ufalme mkubwa ulio ng'ambo ya Atlantiki, ambako mitungi ni mingi kuliko raia. Huko waganga walikaa katika miji mitatu, Memphis, Seattle na Galveston, wakaandika kila mtungi wa nyumbani uliomdhuru mtu, na mwaka 1998 wakatangaza hesabu. Kwa kila mara 1 Swila alipotema kwa haki ya kujilinda, alitema mara 4 kwa bahati mbaya, mara 7 katika ugomvi na mauaji, na mara 11 alifunguliwa na aliyekata tamaa, akajielekezea mwenyewe. Ndugu yangu Mbuzi anasema tuwafundishe. Mwaka 2001, waganga wa Atlanta walitangaza walichokiona walipowaweka wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, katika makundi 29, ndani ya chumba chenye mtungi uliofichwa katika droo, Swila wake akiwa hana yai. Makundi 21 yaliukuta. Makundi 16 yaliushika. Katika makundi 10 alikuwepo aliyefungua, na takriban wote waliougusa walikuwa wamekwisha kufundishwa habari za usalama wake. Na tangu mwaka 2020, katika ufalme huo tajiri wenye hospitali zisizohesabika, Swila anaua watoto na vijana wengi zaidi wa umri wa mwaka 1 hadi 19 kuliko ajali za magari, na kuliko saratani."

Baraza likawa kimya. Kijana mmoja wa Nguchiro akasema, "Huko ni mbali, mzee. Sisi mitungi yetu ni michache, tena tumeandikwa." Kobe akamjibu, "Mwanangu, ni michache, na tumshukuru Mungu kwa uchache huo badala ya kuuona aibu. Lakini usiseme mbali. Tarehe 29 Aprili 2009, hapa Mbagala, ghala la Simba mwenyewe, lenye walinzi na makufuli, liliamka mchana; tulizika zaidi ya 20, na watoto walikimbia wakapotezana na wazazi wao. Tarehe 16 Februari 2011 likaamka jingine, Gongo la Mboto. Ikiwa kilicholindwa na jeshi zima kiliweza kuamka, kilicholindwa na uvungu wa kitanda kitalala kwa ahadi ya nani?"

Ngedere, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa chini ameinamisha kichwa, aliinuka. Hakujitetea. Alisema, "Mjumbe, mimi naomba kuuliza, na niulizie kwa niaba ya kila baba aliye hapa. Nikimfungia Swila sawasawa, Panya atanikuta sijawa tayari. Nikimwacha tayari, mmeona. Nifanye nini?" Swali hilo ndilo waliloogopa wote kuliuliza, na lilipotoka kinywani mwa aliyelilipia, hakuna aliyeweza kulikwepa.

Kobe akasema: "Umeuliza vizuri, na jibu ni kwamba mtungi huo hauwezi kukupa vyote viwili. Kilicho tayari kwa mwizi ki tayari kwa mtoto. Hakuna kifuniko kinachojua kutofautisha vidole. Kwa hiyo aliye na lazima ya kumfuga, kwa kazi yake au kwa makazi yake ya porini, Swila akae ndani ya kasha lililofungwa, yai lisimguse, liwe chumba kingine chini ya kufuli jingine, na ufunguo usilale popote pasipo mwili wake. Naye akubali kwamba usiku wa ghafla atachelewa. Asiyeweza kuukubali ucheleweshaji huo asifuge. Asiye na lazima na aurudishe mtungi kwa walinzi wa Simba, aandikiwe, asisubiri kuitwa. Na ulinzi tuutoe mahali ulipokuwa kabla hatujajengeana kuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wafugaji wa Usukuma na Unyamwezi walizidiwa na wezi wa ng'ombe, nao wakajipanga zamu, wakapeana filimbi, na aliyepiga yowe alijibiwa na kijiji kizima. Walikosea pale walipojifanya pia mahakimu, na sisi tusilirudie kosa hilo. Tuchukue filimbi na zamu, hukumu tuwaachie wenye kazi hiyo. Na Panya tuwajue majina, maana wana mama zao humu humu, na wengine ni watoto ambao hatukuwaita wakati tunagawa uji."

"Na wakija usiku wa leo?" akauliza Nguchiro. "Piga filimbi," akasema Kobe. "Mimi ni mzito, lakini wewe mwepesi u nyumba ya tatu kutoka kwa Ngedere, na hujui hata jina la mkewe. Anzia hapo."

Mitungi mingine ilirudishwa wiki ile, mingine haikurudishwa, na Kinyonga bado anapita mitaani, maana hofu haikuisha Kurasini wala mahali pengine. Taa ziliwekwa vichochoroni, zamu za usiku zikapangwa, na wizi ukapungua bila kwisha. Kanga na Ngedere wanasalimiana. Zaidi ya hapo hakuna aliye na haki ya kuwadai. Nami niliyewasimulia sikuleta hekaya hii ili mlie juu ya mtoto wa jirani wa zamani. Nimeileta kwa ajili ya aliye na mtungi nyumbani kwake leo. Ukirudi, usiwaulize watoto kama wanajua ulipo, kwa sababu watakujibu lile unalopenda kulisikia. Amini kwamba wanajua, amini kwamba wataufikia, na kabla hujavua viatu nenda ukautenge na yai lake.